Faiba Inajisemea Yenyewe: Kupima Mvutiko, Joto na Nyufa kwa Uzi wa Kioo

Ndugu wahandisi, ndugu mafundi, wanafunzi wetu, mabibi na mabwana,

Tumeombwa tuzungumzie vihisi vya faiba: namna uzi wa kioo unavyopima mvutiko na joto, na unavyotufichulia madhara yaliyomo ndani ya madaraja, mabwawa, mahandaki na mabomba. Tutakwenda moja kwa moja kwenye kazi yenyewe. Nadharia yake inapatikana kwa urahisi. Kinachokosekana mara nyingi ni mkono.

Tuanze na faiba yenyewe. Katikati kuna kiini cha kioo chenye upana wa maikromita 9 hivi, ndimo mwanga unamosafiri. Kiini hicho kimezungukwa na kioo kingine kinachofikisha unene wa maikromita 125, na juu yake kuna ganda laini la akrilati linalofikisha maikromita 250, yaani robo ya milimita. Basi. Hakuna betri wala saketi wala waya wa shaba. Ndiyo maana haisumbuliwi na sumaku, haitoi cheche penye gesi ya kulipuka, na inaweza kulazwa pembeni ya nyaya za umeme mkubwa bila kupotosha kipimo.

Sasa shikeni jambo hili moja, maana kila tutakalosema leo linatoka humo. Faiba inajua mambo mawili tu: imevutika kiasi gani, na ina joto kiasi gani. Na inajua hayo kuhusu nafsi yake. Haijui daraja, haijui bomba, haijui ufa. Ukitaka iseme habari za daraja, ni wewe unayepaswa kuifunga na daraja kiasi kwamba linalolipata daraja liipate na yenyewe, kisha utenganishe sauti ya joto na sauti ya mvutiko. Kisomaji, yaani mashine inayotuma mwanga kwenye faiba na kupima unaorudi, hata kiwe cha bei kubwa, hakiwezi kukufanyia kazi hizo mbili.

Tukisema mvutiko tunamaanisha urefu ulioongezeka au kupungua kwa kila mita. Mita moja ikirefuka kwa maikromita moja, hiyo ni maikrostreni 1. Ili mpate picha ya ukubwa wake: chuma cha kawaida cha ujenzi chenye nguvu ya megapaskali 250 huanza kulegea bila kurudi tena kinapofika maikrostreni 1,250 hivi. Zege likivutwa hupasuka mapema mno, kwenye maikrostreni 100 au karibu na hapo. Lori zito likipita juu ya daraja lenye afya, mara nyingi linaacha makumi tu ya maikrostreni. Kwa hiyo anayefanya kazi hii anatafuta vitu vidogo, na makosa yake lazima yawe madogo zaidi.

Vihisi hivi viko katika familia mbili. Ya kwanza inapima kwenye nukta maalumu, ya pili inapima faiba nzima tangu mwanzo hadi mwisho.

Ile ya nukta ni ya pingili za Bragg. Mwaka 1978 Kenneth Hill na wenzake nchini Kanada waligundua kwamba mwanga wa leza unaweza kubadilisha kioo cha kiini kwa kudumu. Mwaka 1989, nchini Marekani, Gerald Meltz na wenzake wakaonyesha jinsi ya kuchora mistari ndani ya kiini kutoka ubavuni kwa miale ya urujuanimno, na kuanzia hapo vihisi hivi vikawa vinatengenezeka kwa mpangilio unaotakiwa. Mistari hiyo imepangana kama pingili za muwa, ila imesongamana sana. Kwa mwanga wa nanomita 1550, kutoka pingili moja hadi nyingine ni nanomita 535 hivi. Sentimita moja inabeba karibu pingili 18,700. Kila pingili hurudisha mwanga kidogo mno. Kwa urefu mmoja tu wa wimbi, hivyo vidogo vyote huungana na kuwa mwangwi mmoja wenye nguvu. Kwa mawimbi mengine hufutana. Ukivuta faiba, pingili zinaachana na ule mwanga unaorudi unasogea kwenye mawimbi marefu zaidi. Kwenye eneo la nanomita 1550, maikrostreni 1 husogeza pikomita 1.2, na digrii 1 ya Selsiasi husogeza pikomita 10. Andikeni namba hizo mbili, tutazirudia.

Uzuri wa pingili za Bragg ni kwamba unaweza kupanga vihisi vingi kwenye uzi mmoja, kila kimoja na wimbi lake. Wingi wake una mpaka, na mpaka huo unapigiwa hesabu kabla ya kuagiza. Tuseme kisomaji kinasoma kuanzia nanomita 1510 hadi 1590, upana wa nanomita 80. Kihisi kinachotarajiwa kwenda maikrostreni 1,500 juu na 1,500 chini kinahitaji nanomita 3.6 za kuchezea. Ongeza joto la digrii 60 kati ya baridi kali na jua kali, nanomita 0.6. Ongeza nafasi ya usalama, unafika nanomita 5. Uzi mmoja basi unabeba vihisi 16. Anayebana 30 humo humo atakuja kuona vihisi viwili vikivukana siku ya joto kali, na kisomaji kitaanza kuita kihisi cha 7 kihisi cha 8. Hilo halitoi onyo lolote. Linatoa namba za uongo zinazopendeza.

Familia ya pili haichongi kitu. Inatumia faiba ya kawaida. Unatuma mpigo mfupi wa mwanga, na kila mahali unapopita, sehemu ndogo sana hutawanyika na kurudi nyuma. Ukipima muda wa kurudi, unajua mwanga umetoka mita ya ngapi. Ndani ya kioo mwanga huenda kama mita milioni 200 kwa sekunde, kwa hiyo mpigo wa nanosekunde 10 una urefu wa mita 2, na kwa kuwa safari ni ya kwenda na kurudi, unaweza kutenganisha vitu vilivyoachana mita 1.

Mwanga unaorudi una sehemu tatu, nazo zimepewa majina ya waliozichunguza. Sehemu ya Raman inabadilika kwa joto na kwa hakika haijali mvutiko. Ndiyo inayotumika kwenye mahandaki kugundua moto na kwenye mabwawa kutafuta maji yanayovuja. Sehemu ya Brillouin inajali yote mawili: masafa yake, ambayo kwa nanomita 1550 hukaa karibu na gigahezi 11, husogea megahezi 0.05 kwa maikrostreni 1 na megahezi 1 kwa digrii 1. Hii inafika makumi ya kilomita. Sehemu ya Rayleigh ndiyo yenye mwanga mwingi kuliko zote, na kwa vifaa vinavyofaa inaweza kusoma milimita kwa milimita kwenye faiba ya makumi ya mita, au kusikiliza mitetemo kwenye kilomita nyingi za kebo.

Uchaguzi wake unatokana na swali unalouliza. Ukitaka mtetemo wa daraja gari linapopita, pingili za Bragg zinasomwa mara mia au elfu kwa sekunde. Brillouin ya kawaida huhitaji sekunde nyingi au dakika kumaliza kipimo kimoja. Lori limeshavuka zamani. Lakini ukitaka kujua ni mita ipi ya bomba la kilomita 20 imeanza kuvutwa na udongo unaoteleza, hakuna atakayekubandikia vihisi vya nukta 20,000. Pale usipojua madhara yatatokea wapi, tumia familia ya pili. Pale unapojua nukta za hatari, ya kwanza inatosha na inasoma vizuri zaidi.

Sasa tushuke kwenye mkono. Tuchukue pingili moja ya Bragg inayogundishwa kwenye boriti ya chuma.

Rangi yote iondolewe mpaka chuma kitupu kionekane, kwenye eneo la kama sentimita 10 kwa 3. Grainda inatosha kwa mwanzo, kisha msasa wa namba 220 na baadaye 400, ukisugua kwa mshazari mara upande huu, mara upande ule, ili gundi ipate pa kushika pande zote. Chora mstari wa mwelekeo kwa kalamu ya risasi. Futa kwa asetoni, kisha kwa alkoholi ya isopropili, kwa kitambaa kisichoacha manyoya, ukifuta kwenda upande mmoja tu. Ukifuta kwenda na kurudi, unarudisha uchafu uleule ulioutoa. Endelea kubadilisha kitambaa mpaka kiwe kinatoka cheupe. Kuanzia hapo usiguse kwa kidole. Mafuta ya ngozi yanatosha kuifanya gundi ibanduke baada ya miezi.

Faiba iwe na ganda la poliimidi, plastiki ngumu na nyembamba, si la akrilati. Hapa wengi huteleza kwa sababu faiba ya akrilati ni rahisi kupatikana. Akrilati ni laini: chuma kinavutika, gundi inavutika, akrilati inajinyoosha katikati kama raba, na kioo kinapata sehemu tu ya mvutiko. Mbaya zaidi, sehemu hiyo hupungua polepole kadiri mzigo unavyokaa. Ukiona kipimo kinashuka wiki baada ya wiki na mzigo haujabadilika, shuku ganda na gundi kabla hujashuku chuma.

Vuta faiba kidogo, ilale juu ya mstari, na uishike kwa tepu ncha zote mbili. Weka epoksi nyembamba, ienee angalau sentimita 2 kupita kila ncha ya pingili. Sababu ni hii: mvutiko hauingii kwenye kioo ghafla, huingia polepole kupitia gundi na ganda, na kwenye ncha za gundi faiba inakuwa bado haijapata mvutiko wote. Gundi ikiishia pale pingili zinapoishia, basi pingili za pembeni zinavutika kidogo na za kati zinavutika sana, na mwangwi mmoja mkali unapanuka au unagawanyika. Usibonyeze kwa kitu kigumu. Kioo kikibanwa kutoka juu, mwanga unaotetemeka upande mmoja na unaotetemeka upande mwingine hurudi kwa mawimbi mawili tofauti, na utaona vilele viwili mahali palipokuwa na kimoja.

Acha gundi ikauke kwa muda na joto lililoandikwa na mtengenezaji; kwa epoksi nyingi zinazokauka bila kupashwa moto, hesabu siku nzima. Inapokauka inasinyaa na kuibana faiba, na wimbi linashuka. Kwa hiyo sifuri ya kipimo haichukuliwi kabla ya hapo. Angalia umbo la mwangwi kabla ya kugundisha, mara tu baada ya kugundisha, na baada ya kukauka, na uhifadhi picha zote tatu. Kama umbo limeharibika, bandua uanze upya siku hiyohiyo, kwa sababu halitajirekebisha. Mwisho, faiba inayotoka kwenye gundi iachiwe kitanzi kidogo cha ulegevu, kisha kila kitu kifunikwe kwa silikoni isiyotoa asidi na kifuniko cha chuma. Silikoni inayonuka siki itakula chuma chini ya kihisi chako.

Kuna njia fupi: vihisi vilivyokwisha gundishwa kiwandani juu ya kipande chembamba cha chuma, ambavyo unavichomelea kwa nukta ndogondogo. Kwa kazi ya nje, penye upepo na vumbi, tunazipendelea hizo. Fundi anachomelea kwa dakika chache na kosa la gundi linabaki kiwandani, mahali linapoweza kukamatwa.

Kwenye zege mambo ni mengine. Kebo ya kuhisi hufungwa kwenye nondo kabla ya kumwaga, kwa vifungo vya plastiki kila sentimita 30 hadi 50, ikilazwa ubavuni mwa nondo au chini yake ili zege linalomwagwa lisiipige moja kwa moja. Kinachoua kebo nyingi ni vaibreta, mashine ya kushindilia zege kwa mtetemo. Weka alama kwenye fomu, yaani ukuta wa mbao au chuma unaoshika zege bichi, mahali kebo inapopita, na uongee na anayeshindilia kabla kazi haijaanza, si baada ya hapo. Sehemu ya pili ya kifo ni pale kebo inapotoka kwenye zege: fomu ikibanduliwa, kebo inakatwa au inakunjwa pale mlangoni. Ipitishe kwenye bomba gumu linaloingia sentimita 20 ndani ya zege, na sanduku la kutokea lizame ndani ya uso wa zege badala ya kuchomoza nje. Na kila mara tengeneza mzunguko: kebo iende na irudi, ncha zote mbili zitoke nje. Ikikatika mahali pamoja, unasoma kutoka kila upande na unapoteza kidogo tu. Ila kumbukeni kwamba mfumo wa Brillouin unaohitaji mwanga kutoka ncha zote mbili husimama kabisa kebo ikikatika, wakati ule unaosoma kutoka ncha moja unaendelea hadi penye mkato.

Hapa tukae kidogo na ufa, kwa sababu watu wengi hununua mifumo hii kwa ajili ya nyufa na kisha hawazioni.

Tuseme zege limepasuka na ufa una upana wa milimita 0.1. Kebo imeshikwa na zege urefu wake wote, na mvutiko wa ufa umeenea kwenye sentimita 10 za faiba. Milimita 0.1 kwa sentimita 10 ni maikrostreni 1,000. Ni nyingi, mtu atasema zitaonekana. Lakini kisomaji cha Brillouin chenye uwezo wa kutenganisha mita 1 hakichukui wastani. Kinatafuta kilele cha masafa. Sentimita 90 za mita hiyo zinasema "hakuna kitu" na sentimita 10 zinasema "maikrostreni 1,000". Kilele kirefu ni cha zile 90. Ufa unabaki kama nundu ndogo ubavuni mwa kilele, na programu inaandika sifuri. Mwenye jengo anaambiwa yuko salama.

Dawa zipo mbili. Ya kwanza ni kutumia Rayleigh ya milimita, ambayo itaonyesha ufa kama mwiba mkali mahali pake, mradi faiba yako ni ya makumi ya mita. Ya pili ni kuacha kuigundisha kebo yote, na badala yake kuishika kwa nukta, kwa mfano kila mita 2, katikati ikiwa huru. Ufa wa milimita 0.1 popote kati ya nukta mbili unageuka maikrostreni 50 sawasawa kwenye mita zote 2, na kilele chote kinasogea. Unapoteza mahali hasa ufa ulipo, unapata uhakika kwamba upo.

Njia ya nukta inaokoa faiba pia. Ufa ukifunguka hadi milimita 1 na kebo imeshikwa kote, tuseme mvutiko umeenea kwenye sentimita 5 tu, faiba hapo inabeba asilimia 2. Faiba nyingi hujaribiwa kiwandani kwa asilimia 1, na kwa mzigo wa kudumu si busara kupita theluthi ya hapo. Itakatika. Milimita hiyohiyo kwenye mita 2 ni asilimia 0.05 tu. Kumbuka tu kuivuta kebo kabla ya kukaza nukta, kama maikrostreni 1,000 hadi 2,000. Zege husinyaa na kujibana kwa mamia ya maikrostreni katika miaka yake ya mwanzo. Kebo isiyovutwa italegea, na iliyolegea haipimi chochote.

Sasa joto. Tumeliacha nyuma kwa makusudi kwa sababu ndilo linaloharibu data nyingi kuliko kitu kingine chochote, na linaharibu kimyakimya.

Rudini kwenye boriti yetu ya chuma. Joto linapanda digrii 10 kutoka alfajiri hadi mchana. Kioo chenyewe kinasogeza pikomita 100. Chuma nacho kinatanuka maikrostreni 12 kwa kila digrii, kinaivuta faiba pamoja nacho, na hiyo inaongeza pikomita 140 hivi. Jumla pikomita 240. Mtu asiyesahihisha anagawanya kwa 1.2 na kuandika maikrostreni 200, wakati hakuna hata gari moja lililopita.

Kwa hiyo kando ya kila kihisi cha mvutiko huwekwa kihisi cha joto: pingili nyingine ya Bragg iliyo huru ndani ya kijibomba, isiyoguswa na mvutiko wowote. Kwenye kebo ndefu ni faiba ya pili iliyolegea ndani ya mrija wenye jeli. Makosa ya hapa yanajirudia. Faiba ndani ya kijibomba inaachwa fupi mno, bomba likitanuka inavutwa, na kihisi cha joto kinageuka kihisi cha mvutiko. Au kijibomba kinabandikwa kwenye kivuli wakati boriti iko juani. Kosa la nusu digrii tu kwenye boriti yetu ni pikomita 12, yaani maikrostreni 10. Kama lori linaleta 30, umeshapoteza theluthi.

Na hata ukishasahihisha, jiulize ni mvutiko gani unaoutafuta. Boriti iliyo huru ncha zote ikipata digrii 10 inarefuka maikrostreni 120 na haina mkazo wowote ndani yake. Boriti ileile ikibanwa ncha zote mbili hairefuki hata kidogo, kihisi kinasema urefu haujabadilika, ila chuma kimebeba megapaskali 24 za mgandamizo. Faiba inapima urefu. Mkazo unaupata kwa kujua boriti inaruhusiwa kufanya nini. Mhandisi wa miundo akae meza moja na fundi wa faiba tangu siku ya kuchora, vinginevyo namba sahihi zitasomwa vibaya.

Kwa Raman kuna mtego mwingine. Joto linapatikana kwa kulinganisha miale miwili inayorudi ikiwa na rangi mbili tofauti, na kila rangi hupungua kwa kiasi chake ndani ya faiba. Kebo ikikunjwa mno mahali fulani, rangi moja inapotea zaidi ya nyingine, na kutoka hapo hadi mwisho wa kebo mstari wa joto unaruka digrii kadhaa. Ukiona joto limepanda ghafla kwenye mita moja na halishuki tena mbele yake, hilo si joto, ni mkunjo. Faiba ya kawaida isikunjwe kwa duara lenye nusu kipenyo chini ya sentimita 3. Na mwenye haraka ya kupata joto sahihi avumilie: ili kelele, yaani kuyumbayumba kwa namba, ipungue kwa nusu, muda wa kupima unapaswa kuwa mara 4.

Kuhusu kuunga, tuseme machache. Menya ganda, safisha kwa alkoholi mpaka kioo kitoe mlio kidogo kikifutwa, kata kwa kikatio chenye ncha kali, pembe ya mkato isizidi digrii 1, kisha unga kwa mashine na ufunike kwa mrija unaosinyaa kwa moto. Kiungo kizuri kinapoteza desibeli 0.05 au chini. Konekta moja chafu inaweza kupoteza mara 10 ya hapo na zaidi, na kwenye mifumo inayosoma mwanga unaorudi, hasara hiyo inalipwa mara mbili, kwenda na kurudi. Tumieni konekta za kijani zenye uso wa mshazari wa digrii 8. Zile za buluu zenye uso bapa zinarudisha mwanga mkali unaopofusha kisomaji kwenye mita za mwanzo. Msichanganye kijani na buluu, nyuso zitaumizana. Msichungulie ncha ya faiba kwa jicho, maana mwanga huu hauonekani na unaunguza. Vipande vilivyokatwa viwekwe kwenye chupa yenye kifuniko. Kikiingia kwenye ngozi ni taabu kukiona, achilia mbali kukitoa.

Tuje kwenye madhara, ambayo ndiyo yaliyowaleta wengi. Hakuna kihisi kinachosoma neno "kuharibika". Kinachosomwa ni mvutiko uliobadilika sura. Nguzo ikipoteza sehemu ya nguvu yake, mzigo unahamia kwa jirani, na jirani anavutika zaidi kwa lori lilelile. Kwa hiyo ulinganishaji ndio kila kitu, na ulinganishaji unahitaji kumbukumbu ya wakati wa uzima. Tunashauri mwaka mzima wa data kabla ya mtu kuweka kengele za hatari, kwa sababu muundo hupumua kwa mchana na usiku, na kwa misimu. Kengele iliyowekwa kwa data ya wiki mbili italia kila msimu ukibadilika, na baada ya mara ya tano watu wataizima. Daraja la Beddington Trail kule Calgary, Kanada, lililofunguliwa mwaka 1993, lilikuwa miongoni mwa ya kwanza kuwekewa pingili za Bragg ndani yake tangu ujenzi. Faida ya kuanza siku hiyo ni kwamba unajua sifuri halisi. Ukibandika kihisi kwenye daraja la miaka 40, unapima kinachoongezeka tu. Kile ambacho chuma kimekwisha beba hukioni.

Kwenye mabwawa ya udongo kuna mbinu tunayoipenda sana. Kebo ya faiba yenye waya wa shaba ndani huzikwa mguuni mwa bwawa. Unapitisha umeme kwenye shaba kwa muda, kebo inapata joto, na Raman inasoma joto hilo mita kwa mita. Penye udongo uliotulia joto linapanda vizuri. Penye maji yanayotiririka, maji yanachukua joto na kuondoka nalo, kwa hiyo mita hizo zinabaki baridi. Hauhitaji kusubiri msimu wala tofauti ya joto kati ya maji na udongo. Tofauti unaitengeneza mwenyewe.

La mwisho ni kazi ya siku moja ambayo ikikosekana inafuta kazi ya miezi. Kisomaji kinasema "mita 347.5". Mita 347.5 za faiba si mita 347.5 za daraja: kuna kebo ya kutoka chumba cha mashine, kuna vitanzi kwenye masanduku, na faiba ndani ya kebo iliyolegea huwa ndefu kuliko kebo yenyewe. Baada ya kufunga, kabla ya kufunika, tembea na kebo ukiwa na mfuko wa maji ya moto. Uweke juu ya kebo kwenye kila kona, kila sanduku, kila mwanzo na mwisho wa sehemu iliyogundishwa, usubiri mpaka mwenzako aliyeko kwenye kisomaji aone nundu, naye aandike mita yake huku wewe ukiandika mahali ulipo kwenye mchoro. Kwa pingili za Bragg, tumia vidole viwili: joto la mkono linatosha kukuambia ni kihisi kipi. Jedwali hilo lichapishwe nakala mbili, moja ikae ndani ya mlango wa sanduku la kisomaji, ndani ya plastiki, kwa ajili ya fundi atakayekuja miaka 10 baadaye.

Asanteni kwa kusikiliza. Vipande vya chuma, misasa na faiba za poliimidi viko kwenye meza ya nyuma. Tugawane wawili wawili, mmoja agundishe na mwingine aangalie umbo la mwangwi kwenye skrini ya kisomaji.